Pimbi, Fisi na Kadi ya Dabo

— Hodi, hodi! Ngano iko mlangoni!
— Ifungulieni!
— Imekuja kwa miguu minne!
— Ipeni mkeka!
— Mkia haina!
— Isiulizwe, ikae!

Basi imekaa. Na nyinyi kaeni. Anayetafuna atafune taratibu, maana ngano hii ina msiba ndani yake, na mimi sipendi msiba wangu utafuniwe karanga.

Hapo kale, si kale sana, kale ya juzi juzi tu, wanyama walipokuwa wameshaanza kuwasha taa majumbani mwao, alikuwepo Pimbi. Pimbi mnamjua. Ni mnyama mdogo wa kwenye mawe, mnene kidogo, hana mkia. Watu wakitaka kumtukana mtu mfupi humwita pimbi. Yeye mwenyewe hakasiriki, ni jina lake alilopewa.

Huyu Pimbi alikuwa binti, na alikuwa na baba. Baba akaenda mbali, kwenye machimbo ya kokoto ng'ambo ya mbuga, kutafuta riziki. Akiwa huko akaazima simu ya mwenzake, simu mpya yenye picha safi, akajirekodi akiwasalimu wa nyumbani. Salamu ile akaitia kwenye flashi. Kabla hajapata wa kumpa ailete, akaugua. Kabla hajapona, akafa. Flashi ikaja nyumbani ndani ya mfuko wa shati lake, pamoja na nguo zake na kofia.

Mama yake Pimbi aliitwa Bi Mashavu. Siku ile hakulia sana. Alisema, "Iwekeni nimsikie."

Pale sebuleni, chini ya televisheni, palikuwa na kompyuta. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeiunga kwa vifaa vya mtumba, ili mkewe atazame michezo ya kuigiza kwenye kioo kikubwa, maana macho yake yalishaanza kuchoka. Ilikula umeme wa sola, sola yenyewe ya paneli moja, na kasha lake lilikuwa jembamba kama sinia. Pimbi akachomeka flashi. Uso wa baba ukatokea. Mdomo ukafunguka.

"Ham— ham— ham—"

Picha ikaganda. Kompyuta ikapata moto, ikalia kwiii, ikazimika pu!

Siku ya pili wakajaribu. Ham— ham— ham—. Kwiii. Pu! Siku ya tatu wakajaribu. Ham— ham— ham—. Kwiii. Pu! Siku ya kumi, siku ya ishirini, mambo ni yale yale.

Sasa nyinyi mliolelewa mkaleleka mtanielewa. Mtu akikuambia hamjambo, unamwitikia hatujambo. Lakini "ham" inaitikiwaje? Bi Mashavu alikuwa anakaa mbele ya kioo, jibu liko ulimini, anangoja salamu iishe ndipo aitikie, na salamu haiishi. Inauma hiyo. Mimi ninayesimulia inaniuma, sembuse yeye.

Siku ya thelathini na nane akamwita bintiye.

"Pimbi mwanangu, kesho kutwa ni arobaini. Watu watakuja kuanua matanga. Mimi sitakubali yaanuliwe."

"Kwa nini, mama?"

"Mume wangu amenisalimu, sijamwitikia. Nitamalizaje msiba wa mtu ambaye bado tuko naye katikati ya kusalimiana?"

Pimbi akaitazama kompyuta, akamtazama mama yake, ambaye alikuwa edani na asingeweza kutoka kwenda kuisikiliza salamu nyumba ya mtu. Akachukua pesa aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kwa Nungunungu.

Nungunungu alikuwa fundi, na alikuwa anauza spea za kompyuta za mtumba. Mzee mkweli sana. Akizungumza miiba yake inachezacheza, chakacha, chakacha.

"Shikamoo, Mzee Nungu."

"Marahaba, binti. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Mzee Nungu, picha ya baba inaganda." Akamweleza yote.

Nungunungu akatikisa kichwa. "Hizo picha za simu mpya zimefungwa kwa kufuli za siku hizi. Kompyuta yenu ni ya zamani, haina funguo zake, inajaribu kufungua kwa meno. Ndiyo maana inalia. Inataka kadi ya picha. Funguo ziko kwenye kadi."

Akainama chini ya meza, akatoa kadi mbili. Ndizo zilizobaki kwenye mzigo wote. Moja ilikuwa kubwa, nzito, nyeusi, ina feni mbili za kung'aa. Nyingine ilikuwa ndogo, fupi, haina feni hata moja, ina kibati tu mgongoni cha kutolea joto.

Pimbi hakuwa na haraka. Aliuliza kama mtu anayechagua shamba.

"Mzee Nungu, hii kubwa, itaingia kwenye kasha jembamba?"

"Haiingii."

"Hii kubwa, inakula umeme?"

"Inakula. Hiyo sola yenu itaimaliza kabla marehemu hajafungua mdomo."

"Hii kubwa, inalia?"

"Inalia. Feni zikizunguka hamtasikia kitu."

"Na hii ndogo, inaingia?"

"Inaingia."

"Inakula?"

"Inakula kama mgonjwa. Vijiko viwili, imeshiba."

"Inalia?"

"Hailii. Haina cha kulilia."

"Na funguo za picha ya baba?"

Miiba ikacheza, chakacha. "Funguo ziko kwenye zote mbili, kubwa na ndogo. Ila kubwa ni ya wale wanaocheza magemu, wanaorusha ndege za vita ndani ya kioo. Wewe unarusha ndege?"

"Mimi nataka mama aitikie salamu."

"Basi chukua ndogo."

Bei yake ikawa ile ile iliyokuwa kwenye pindo. Pimbi akaanza kufungua fundo la kanga. Fundo halijafunguka, wakasikia nje: gudu, gudu, gudu. Mlango ukasukumwa, kwaa!

Ni Fisi.

Fisi alikuwa na kibanda umiza upande wa pili wa soko, ambako wanyama walikuwa wanabanana kutazama mpira kwa kiingilio. Alikuwa na mabega, alikuwa na meno, na nchi ile mwenye meno makubwa hakuwa anapanga foleni. Akisema nipe, anapewa. Akisema zote, zinakwenda zote. Pimbi alilijua hilo, na moyo wake ukashuka mpaka kwenye nyayo.

"Shikamoo, Bwana Fisi," akasema.

"Marahaba, kapimbi." Hakumtazama. Udenda ulikuwa unamtoka. "Nungunungu! Nimesikia huku kuna kadi. Nani anaoa?"

Nungunungu akashangaa. "Hakuna anayeoa, Bwana Fisi. Hizi ni kadi za picha. Unaitia kwenye kompyuta, picha haigandi tena."

Udenda ukakatika kidogo. Kisha Fisi akafikiri. "Hata kibandani kwangu picha inaganda. Juzi limefungwa goli hakuna aliyeliona, nikarushiwa viti. Na kesho ni fainali. Nipe hizo kadi."

"Ipi?"

"Mimi huwa naulizwa ipi? Zote."

Jamani. Arobaini ni kesho kutwa. Kadi ndogo ni hiyo moja. Mama yuko nyumbani na jibu lake mdomoni. Pimbi angefanya nini? Apigane na Fisi? Angetafunwa na kanga yake. Amwambie ukweli, amwambie ile ndogo ndiyo inayofaa? Angeichukua ya kwanza kabisa.

Lakini Pimbi alikuwa amesikia neno. Fisi ameingia anauliza nani anaoa. Kumbe Fisi huyu, katika maisha yake yote, kadi anayoijua ni ya harusi.

Pimbi akakaa chini vumbini. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Akaanza kuomboleza kwa sauti ya polepole, sauti ya msibani hasa:

"Dabo inakwenda, mama,
dabo inakwenda,
nimekuja kwa miguu, dabo inakwenda."

Masikio ya Fisi yakasimama, twi, twi. "Dabo? Dabo iko wapi?"

"Sisemi, Bwana Fisi. Nitaikosa."

"Sema!"

Pimbi akafuta machozi. "Si ndiyo hiyo kubwa! Hesabu feni zake."

Fisi akahesabu kwa kucha. "Moja. Mbili."

"Mbili ni nini?"

"Mbili ni dabo," Fisi akasema, na sauti yake ikawa nzito kwa heshima. Mnajua wenyewe, kadi ya harusi ikiandikwa singo anaingia mmoja, ikiandikwa dabo wanaingia wawili. Fisi maisha yake yote alikuwa anapewa singo, na hata hizo singo zilikuwa za kuokota. "Na hii ndogo ni singo?"

"Hesabu."

Fisi akaigeuza huku na huku. "Sioni feni."

"Basi hata singo haijafika. Bwana Fisi, wewe ni mtu mzima. Kadi ambayo haiingizi mtu hata mmoja ni kadi gani?"

Fisi akafikiri. Akafikiri tena. Ghafla nywele za mgongoni zikamsimama.

"Kadi ya mchango!"

"Mimi sijasema."

"Ni kadi ya mchango! Ukiipokea tu umeshaandikwa! Wanakupigia simu asubuhi, wanakupigia simu jioni, mwenyekiti wa kamati anakufuata mpaka chooni! Nungunungu, iondoe mbele yangu! Sijaigusa! Kapimbi, wewe ni shahidi, mimi sijaigusa!"

"Umeigusa kidogo tu," Pimbi akasema kwa huruma. "Niachie mimi. Nimeshazoea kuchanga."

Fisi akamtazama kwa shukrani ya kweli. Akatupa pesa mezani, mara sita ya bei ya ile ndogo, akaikumbatia dabo kifuani, akatoka mbio. Gudu, gudu, gudu.

Pimbi akamaliza kufungua fundo, akalipia ile ndogo. Nungunungu akabaki anatazama dari. Alikuwa mkweli, nimeshawaambia. Ila hakuna aliyemuuliza.

Kesho yake ikawa fainali. Kibanda cha Fisi kikajaa mpaka kwenye kenchi. Fisi akaitia dabo kwenye kompyuta, kasha likakataa kufunga, akaliacha wazi. Akavuta kamba ya jenereta. Tu-tu-tu-tu-tu. Dabo ikaamka.

NGUUUUUU!

"Mnaisikia?" akapiga kelele. "Hiyo ndiyo dabo!"

Walikuwa wanaisikia hiyo tu. Mtangazaji hasikiki, filimbi ya refa haisikiki, Swala anamuuliza Nyani nani anacheza, Nyani haoni hata midomo ya Swala kwa vumbi linalopulizwa na feni. Jenereta nayo ilikuwa ndogo, ya kuwashia kioo na balbu mbili. Ikavuta pumzi. Tu-tu-tu. Tu... tu... tuuu. Ikafa. Giza. Fainali ikaisha bila wao. Na viti vikaruka, siku hiyo na meza pia.

Siku iliyofuata asubuhi, Fisi, kichwa kimevimba, akaenda kwa Nungunungu. "Dabo yako imeua jenereta yangu! Kwa nini?"

"Dabo ilitaka jenereta ya hospitali, Bwana Fisi," Nungunungu akasema. Safari hii ameulizwa. "Kwa kibanda chako, kadi ya kukufaa ilikuwa ile ndogo."

Fisi akasema, "Kapimbi." Akatoka. Gudu, gudu, gudu, njia ya mawe, mpaka kwa kina Pimbi.

Na siku hiyo ndiyo ilikuwa arobaini. Pimbi alishaichomeka kadi tangu alfajiri, kasha likafunga, tak. Hakuijaribu. Alisema mama ndiye atakayesikia wa kwanza. Dua ikasomwa, majirani wakakaa mikekani, kompyuta ikawashwa. Kioo cha televisheni tu kilikuwa bado, wanangoja Bi Mashavu avae miwani yake.

Mlango, kwaa!

"Kadi yangu iko wapi?"

Majirani wakajibana ukutani. Sungura, Digidigi, Kanga, wote ni wadogo. Bi Mashavu peke yake hakusogea.

"Bwana Fisi," akasema, "kwenye matanga watu huingia kwa salamu."

Fisi akababaika. "Poleni."

"Tumeshapoa."

Pimbi akainuka. Uso ulikuwa mzito. Kudanganya mtu kwenye arobaini ya baba yako si jambo dogo. Hakucheka hata kidogo, na huzuni aliyokuwa nayo usoni ilikuwa ya kweli, aliihamisha tu kidogo kutoka mahali pake.

"Umechelewa, Bwana Fisi," akasema. "Njoo uiage."

Akamshika mkono, akampeleka mpaka kwenye kasha.

"Ya kwako ikiwa hai inafanyaje?"

"Inanguruma. Nguuuu!"

"Weka sikio kwenye hii."

Fisi akapiga magoti, akaweka sikio. Akasikiliza upande huu. Akasikiliza upande ule.

"Kimya," akanong'ona.

"Ipapase."

Akapapasa. "Ina uvuguvugu."

"Haijapoa sawasawa. Ni ya leo leo."

"Na hiki kitaa cha kijani?"

"Kwani msibani kwenu hamwashi taa?"

Fisi akanusa, akaona haina hata nyama. Akavua kofia yake taratibu, akaishika kifuani. "Ilikuwa kadi njema?"

"Haikuwa na makuu. Haikuwahi kumpigia mtu kelele."

"Ndivyo wanavyokwenda wale wazuri," Fisi akasema, na chozi likamdondoka, mimi nawaambia.

"Basi kaa nasi, Bwana Fisi. Kaburi lake halijachimbwa, ardhi ni mawe matupu, na sisi hapa kama unavyotuona wote tuna mikono mifupi. Tulikuwa tunaomba Mungu atuletee mwenye mabega."

Fisi akatazama mabega yake kama vile kayaona siku hiyo. "Nimeacha jenereta inawaka," akasema. Hakuna aliyemsahihisha. Akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, kofia mkononi, akiinamisha kichwa kwa kila mtu, poleni, poleni sana. Alipofika nje wakasikia gudugudugudu! Tangu fisi wa kwanza aumbwe, hajawahi kukimbia kaburi, ila siku hiyo.

Hakuna aliyecheka. Bi Mashavu akavaa miwani yake, akasema, "Mwanangu, washa."

Pimbi akawasha kioo.

Baba akatokea. Amekaa juu ya rundo la kokoto, shati lina vumbi, jua linampiga usoni. Ugonjwa ulikuwa umeshaanza kumnyemelea, sauti yake ilikuwa chini sana. Feni moja tu ingekuwa inazunguka mle chumbani, wasingeisikia. Akafungua mdomo.

"Hamjambo huko nyumbani?"

Bi Mashavu akashika ukingo wa mkeka. "Hatujambo, Baba Pimbi," akasema. "Hatujambo kabisa. Sijui wewe."

Na yule bwana pale kwenye kokoto, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu zake, alikuwa amenyamaza kidogo kuwapa nafasi ya kuitikia. Kisha akasema, "Mimi sijambo, mama. Vumbi tu."

Majirani wakainamisha vichwa. Bi Mashavu sasa alikuwa analia, kilio kile ambacho siku arobaini hakikutoka.

Baba akakohoa. Akatabasamu. "Na Pimbi yupo hapo? Najua hajaniamkia. Yuko anatazama nyaya." Akasogea karibu na simu, uso ukajaa kioo chote. "Marahaba, mwanangu."

Picha ikaisha.

Pimbi, ambaye siku tatu zile hakukosa neno hata mbele ya meno, akasimama na waya mkononi. Kioo kilishakuwa cheusi ndipo sauti ikamtoka.

"Shikamoo, baba."

"Ameshaitikia," mama yake akamwambia. Akajifuta uso kwa pindo la kanga, akawageukia majirani. "Haya. Anueni matanga."

— Ngano inaomba njia!
— Ipisheni!
— Imekunywa maji!
— Iende na kiu yake kesho!
— Imeacha nini?
— Imeacha funzo!

Funzo lishikeni vizuri, maana nalitoa mara moja. Ukienda kununua kadi ya picha kwa ajili ya kompyuta yako ya sebuleni, usiulize maswali. Chukua kubwa kuliko zote, yenye feni mbili, inayokula umeme wa nyumba nzima na inayonguruma mpaka kwa jirani. Kadi isiyonguruma imekufa. Anayebisha akamuulize Fisi, yeye ndiye mwenye dabo.